Mbona uvumi ni wa bure na ukweli unalipiwa?

Hebu fungua menyu ya bando kwenye simu yako. Utapata ya WhatsApp, ya TikTok, ya YouTube, halafu huko chini, ikiwa na bei ya kukufanya ufikirie mara mbili, ile inayoitwa tu "data". Kama umebaki na bob ishirini na siku bado ni ndefu, unajua vizuri utabonyeza gani. Unachukua ya WhatsApp, maisha yanasonga. Sikulaumu. Hata mimi hununua.

Sasa ngoja jioni ifike, mtu atupe habari kwenye grupu ya mtaa. Tuseme ni ile ya kila mwaka: ati HELB wamefuta madeni yote ya wanafunzi. Chini yake kuna kiungo. Picha unaiona, kichwa cha habari unakiona, kwa sababu hivyo viwili vimesafiri ndani ya WhatsApp yenyewe. Unabonyeza kiungo ili usome habari kamili. Kinazunguka, kinazunguka, halafu unaambiwa huna data, nunua bando. Unarudi kwenye grupu. Tayari watu kumi na wawili wameweka emoji za kucheka na kulia. Nawe unaisambaza kwa binamu yako aliyeko Eldoret, kwa sababu kusambaza ni bure.

Umeona kilichotokea? Uvumi umefika kwa bando. Kuuthibitisha kungetaka pesa nyingine. Hakuna aliyekufungia tovuti, na hakuna aliyekudanganya kuhusu bando, maana imeandikwa wazi kuwa ni ya WhatsApp. Lakini bei peke yake imeshaamua ni upande gani wa habari utakaoufikia na ni upi utakaokupita.

Jambo hili lina jina: usawa wa mtandao. Aliyelitia jina hilo kwa Kiingereza ni profesa wa sheria wa Marekani, Tim Wu, mwaka wa 2003. Wazo lenyewe ni jepesi. Kila kitu unachofanya kwenye intaneti hukatwakatwa kuwa vifurushi vidogo vidogo vya data vinavyopita kwenye waya na minara. Kampuni inayovibeba inafaa kuvibeba vyote sawa, bila kujali vimetoka kwa nani, vinaenda kwa nani au vimebeba nini. Huo msongamano wa vifurushi huitwa trafiki (si wale wa kofia nyeupe wanaokungoja pale Pangani).

Fikiria Thika Road. Matatu ya sacco kubwa, boda ya jirani yako, mkokoteni wa mitungi ya maji, lori la mawe la Juja, vyote vinapita. Sasa mwenye barabara aamke siku moja aseme: abiria wa sacco fulani hawalipi chochote barabarani, wengine wote watalipa kwa kilomita. Hajafunga barabara. Hajamkataza mtu kununua matatu yake na kuanza biashara. Lakini wewe mwenye gari moja la kuazima, utapata abiria wapi?

Pengine unajiuliza kampuni ya simu inajuaje uko WhatsApp na si kwingine. Haisomi ujumbe wako, ujumbe umefungwa. Inachoona ni mlango unaobisha: anwani ya seva unayoitafuta na, mara nyingi, jina la tovuti. Ikiona ni mlango ulio kwenye orodha yake, inakata kwa bando ile. Ndiyo maana ukiwasha VPN, bando ya WhatsApp inaweza kukugeuka. Kampuni haioni tena mlango wa WhatsApp, inaona mlango wa VPN tu, na huo haumo kwenye orodha. Kredo yako inaliwa huku unashangaa.

Tusiwe wa kupayuka lakini. Si kila kutofautisha ni ubaguzi. Sauti ya mtu kwenye simu ikichelewa nusu sekunde mnaanza kukatizana. Barua pepe ikichelewa sekunde tano, nani atajua? Mhandisi akiipitisha sauti kwanza anafanya kazi yake, na akizuia shambulio la wadukuzi tunamshukuru. Shida inaanza pale kipimo si aina ya kazi bali jina la mwenye kazi: huyu ametukubali, yule hatumjui.

Marekani walianza kugombana juu ya hili kwa kisa cha kuchekesha. Mwaka wa 2007, Comcast, kampuni kubwa ya intaneti za majumbani, ilishukiwa kuwakwamisha kisirisiri watu waliotumiana mafaili kwa BitTorrent. Shirika la habari la AP likaamua kujaribu lenyewe. Unajua walituma faili gani? Biblia. Si filamu ya wizi, Biblia ya Kiingereza ambayo haina hakimiliki ya mtu huko kwao, na bado ilikwama. Tangu hapo ni vuta nikuvute: kanuni zikapitishwa 2015, zikafutwa 2017, zikarudishwa 2024, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa tena. Sitaki kukuchosha na hayo. Ligi yao ni ya nani ana waya nyumbani na video ya nani inakwama. Yetu ni ya nani ana bob ishirini.

Na yetu ilianza mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Novemba 2014, Facebook na Airtel walileta Kenya mpango ulioitwa Internet.org, ambao baadaye ulibadilishwa jina kuwa Free Basics. Ulikuwa unapata Facebook nyepesi, Wikipedia na tovuti chache za afya, kazi na habari bila kulipa. Bure kabisa. Mark Zuckerberg mwenyewe alifika Nairobi Septemba 2016, akapita iHub, akala ugali na samaki kwa Mama Oliech, na picha zikasambaa. Nani angekasirika? Mtu anakupa intaneti ya bure na anakula ugali kwa mkono.

Angalia tu ule mlango wa kuingilia. Tovuti ilibidi ifuate masharti ya kiufundi ya Facebook ndipo iingie, na trafiki yote ilipita kwenye seva za Facebook. Masharti hayo hayakuruhusu video wala picha nzito. Ukitafuta kitu na jibu likawa kwenye tovuti isiyo kwenye orodha, ulifika ukutani na kuombwa ununue data. Mwaka wa 2017 watafiti wa Global Voices waliupima mpango huo katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, na wakakuta kwamba haukufungua mlango wa intaneti iliyo wazi, haukuwa na vitu vingi vya watu wa mahali pale, na ulikuwa unakusanya taarifa za namna watumiaji wanavyoutumia. Huku kwetu mjadala haukufika mbali. Tulikuwa tunashukuru.

India hawakushukuru, na hii ndiyo hadithi ninayopenda kuwasimulia wanaoniambia ati vijana kelele zao ni za mitandaoni tu.

Desemba 2014 Airtel ya kule ilitangaza kwamba anayepiga simu kwa Skype au Viber atalipa zaidi kuliko data ya kawaida. Watu waliwaka, ikarudi nyuma. Machi 2015, mamlaka ya mawasiliano ya India, TRAI, ikatoa waraka wa kurasa zaidi ya 100 wenye maswali 20 kuhusu usawa wa mtandao na kuomba maoni ya wananchi. Unajua waraka kama huo hufanywa nini. Husomwa na mawakili wa kampuni, basi. Safari hii, kundi la watu wa kujitolea, mmoja wao akiwa mwandishi wa habari za teknolojia Nikhil Pahwa, wakaukata ukawa maelezo mafupi ya lugha ya kawaida, wakajenga tovuti ambayo ulibonyeza na majibu yako yakaenda TRAI kwa barua pepe. Kisha wachekeshaji wa kundi la AIB wakatoa video yenye matusi kiasi na mantiki nyingi. Zaidi ya barua pepe milioni moja zikaingia.

Airtel ilikuwa pia imezindua kitu kinachoitwa Airtel Zero: wewe mwenye tovuti unailipia kampuni ya simu, wateja wako wanaingia bure. Duka kubwa la mtandaoni la kule, Flipkart, lilikuwa kwenye mazungumzo ya kujiunga. Watu wakaanza kuipa programu yake nyota moja moja. Aprili 2015 Flipkart ikajitoa.

Facebook ikajibu mapigo. Mwisho wa 2015 ilijaza magazeti na mabango matangazo ya Free Basics, na ikawawekea watumiaji wake kitufe cha kuituma TRAI ujumbe wa kuunga mkono. TRAI ilipozipokea jumbe zile kwa wingi ikasema hazijajibu maswali iliyouliza. Tarehe 8 Februari 2016 ikatoa kanuni: ni marufuku kampuni kutoza bei tofauti za data kulingana na kilichomo ndani yake, isipokuwa wakati wa dharura. Faini rupia 50,000 kwa kila siku ya kukiuka. Siku chache baadaye Free Basics ikafungasha. Mkurugenzi mmoja wa bodi ya Facebook, Marc Andreessen, akaandika Twitter kwamba kupinga ukoloni ndiko kulikoiangusha India kiuchumi. Aliifuta na kuomba radhi, lakini watu walikuwa wameshapiga picha ya skrini, kama kawaida.

Najua swali lako, kwa sababu ni lilelile alilonitupia rafiki yangu anayeuza nguo za mtumba Gikomba: kwani mtu akipewa kidogo bure si ni afadhali kuliko kukosa chote? Swali hilo lina uzito na sipendi wanaharakati wanaolikwepa wakiwa na WiFi ya ofisi. Mama wa kijiji anayeongea na mwanawe aliyeko Saudi kupitia WhatsApp ya bei nafuu amepata kitu cha kweli. Ukiifuta bando hiyo kesho bila kumpa nyingine, umemwongezea gharama na kuiita haki.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo haitajwi sana: toa kitu cha bure au cha bei nafuu, ila kiwe data tupu, ya kwenda popote. Megabaiti hamsini za kwenda utakako. Mwezi Septemba 2016, miezi saba tu baada ya kanuni za TRAI, kampuni mpya ya simu iitwayo Jio iliingia sokoni India ikigawa data bure kwa miezi kadhaa, ya tovuti yoyote, na bei za data nchini humo zikaporomoka. Siwezi kukuambia kanuni ndizo zilizoshusha bei. Ushindani ndio uliozishusha. Ninachosema ni kwamba kukataa bando za ubaguzi hakukuwaacha maskini wa India gizani kama walivyotishiwa.

Jirani zetu Uganda waliuona upande mwingine wa shilingi. Kule mbaguzi hakuwa kampuni, alikuwa serikali. Rais Museveni alilalamika kwamba mitandao ya kijamii inaeneza lugambo, yaani umbea, na kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila aliyetaka kufungua Facebook, WhatsApp au Twitter alilipa shilingi 200 za Uganda kwa siku, juu ya bando aliyonunua. Kampuni za simu ndizo zilizowekwa mlangoni kukusanya. Watu walikimbilia VPN, wengine wakaandamana, Bobi Wine akiwa mbele. Kodi hiyo iliondolewa 2021, ikaletwa nyingine ya asilimia 12 kwa data yote isipokuwa ya matibabu na elimu. Ni chungu pia, lakini walau umbea na gazeti vinatozwa kodi ileile.

Na usidhani sisi ni watakatifu. Wakati wa KCSE ya 2024 Telegram ilizimwa nchini kwa sababu ya wizi wa mitihani. Wezi wa mitihani walikuwepo, sikatai. Ila na wewe uliyekuwa na darasa lako la programu za kompyuta huko Telegram uliingizwa kwenye karandinga lilelile.

Ninalibeba hili kibinafsi kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama. Kila kitu kinachonilipia nyumba leo, kuandika, kujenga tovuti ndogo ndogo za wateja, kupanga takwimu, nilijifunza kwenye kurasa za watu nisiowajua, nyingine zikiwa mbaya kwa sura kama kalenda ya duka la dawa. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye bando ya aina yoyote. Leo nina blogu yangu, na kila nikiweka makala mapya napata ujumbe uleule: "Bro, nimeona kichwa, lakini haifunguki, nirushie hapa kwa WhatsApp." Basi nanakili na kubandika. Wao wanasoma, blogu inabaki na wasomaji sufuri kwa takwimu, na mwenye matangazo ananiuliza mbona nimelala.

Lakini tuache mimi. Kumbuka Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi. Wanablogu na waundaji programu wachache, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakiwemo, walijenga ndani ya siku chache tovuti ya kuweka ramani ya ghasia kutokana na taarifa za watu wenyewe. Wakaiita Ushahidi. Baadaye imetumika kwenye tetemeko la Haiti na kwingineko duniani. Hawakuomba kuwekwa kwenye orodha ya mtu. Au njoo karibu, Juni 2024: muswada wa fedha ni mnene, wabunge wanasema hatujausoma, na vijana wakatengeneza Finance Bill GPT, unaiuliza swali inakueleza kipengee kinasema nini. Vitu kama hivi huzaliwa Jumanne usiku na vinahitajika Jumatano asubuhi. Hakuna kampuni ya simu itakayokutengenezea bando ya tovuti iliyozaliwa jana. Aliyekuwa na bando ya mtandao wa kijamii peke yake alisikia makelele kuhusu muswada. Wa kuufungua alihitaji ile data ya chini kwenye menyu.

Sheria yetu inasemaje? Kuna kanuni za mwaka wa 2010 za ushindani wa haki na usawa katika mawasiliano, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa wewe mteja haki ya kupata taarifa za kukuwezesha kunufaika na unachonunua. Lakini kanuni yenye makali kama ile ya TRAI, inayosema wazi kwamba bei ya data haitategemea unakoenda, hatuna. Chile waliweka sheria yao mwaka wa 2010 na miaka minne baadaye mdhibiti wao akazuia mitandao ya kijamii ya bure ya kampuni za simu. Ulaya, mahakama yao ya juu iliamua Septemba 2021 kwamba mipango ya aina hiyo inakiuka kanuni zao za intaneti. Kwa hivyo usikubali mtu akwambie ni jambo lisilowezekana kiufundi au ni ndoto ya wanablogu.

Nisingeanza na marufuku, nikiulizwa. Ningeanza na menyu. Kila bando ya programu moja iandikwe megabaiti moja ndani yake ni shilingi ngapi, kando yake iandikwe bei ya megabaiti ya data ya kawaida, na iandikwe kama kampuni imelipwa na mwenye programu au la. Tuone tofauti kwa macho yetu. Halafu viungo: ukinunua bando ya WhatsApp, upewe walau data kidogo ya kufungua kiungo ulichotumiwa humo, kiwe cha gazeti kubwa au cha blogu ya Githurai. Mamlaka ya Mawasiliano ikiweka mswada wa kanuni hadharani huomba maoni ya umma, na tumeona India barua pepe milioni moja zinafanya nini.

Kabla ya hapo, jaribu hili leo. Ukiwa na bando ya WhatsApp peke yake, jaribu kufungua tovuti ya HELB, halafu Mzalendo uone mbunge wako alisema nini bungeni, halafu gazeti lolote. Andika kilichofunguka na kilichogoma. Ukimaliza, tuma matokeo kwenye ile grupu ya mtaa. Kuhusu makala haya, usiwatumie kiungo. Nakili maandishi yote uyabandike, la sivyo wataona kichwa tu.